Kitabu cha Picha Katika Somo la Kifaransa: Sikio Litangulie Jicho

Mtaala ulioboreshwa wa elimu ya msingi, ambao Tanzania ilianza kuutumia Januari 2024, umekiweka Kifaransa miongoni mwa lugha za kuchagua kuanzia Darasa la Tatu, pamoja na Kiarabu na Kichina. Shule ikishakichagua, mwalimu anabaki na swali zito mikononi. Mtoto wa miaka minane au tisa ambaye Kifaransa hakisikii nyumbani, hakisikii redioni wala sokoni, aanzie wapi?

Mara nyingi anaanzia ubaoni. Mwalimu anaandika le livre, kitabu. La table, meza. Le stylo, kalamu. Darasa linarudia kwa sauti moja, linanakili, kengele inalia. Wiki inayofuata ni zamu ya rangi, kisha siku za juma, kisha tarakimu mpaka ishirini. Muhula ukiisha, mtoto ana daftari lililojaa majina ya vitu, na hana hata sentensi moja ambayo aliwahi kuwa na haja ya kumwambia mwenzake. Simlaumu mwalimu. Naye alifundishwa hivyo hivyo, na akifungua kabati la shule hakuti kitu kingine cha kushika.

Ninachokitetea ni kitabu cha hadithi chenye picha: kifupi, kinachosomwa chote kwa sauti kutoka jalada hadi jalada, kikarudiwa siku nyingine na nyingine tena mpaka watoto wakishike. Njia hii wapo wengi wanaoisifu, ila wengi pia huitumia vibaya. Hukinunua kitabu, wakachomoa maneno kumi, wakayaandika ubaoni, na hadithi ikaishia hapo. Kwa hiyo inafaa tuone kwanza kitabu kinafanya kazi gani hasa ndani ya kichwa cha mtoto, halafu ndipo tuulize kitumiweje.

Kufundisha lugha ngeni kwa picha ni jambo la zamani. Mwaka 1658, mjini Nuremberg, mwalimu Jan Amos Comenius, mzaliwa wa Moravia, alichapisha Orbis Sensualium Pictus, kitabu cha Kilatini na Kijerumani ambamo kila sura ilikuwa na picha yake, na vitu ndani ya picha vilipewa namba zinazolingana na maneno ya maelezo. Kilienea Ulaya, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na kikaendelea kuchapishwa muda mrefu baada ya yeye kufariki. Vitabu vingi vya lugha tunavyowapa watoto leo vimefuata nyayo hizo: picha ya chungwa, chini yake neno chungwa. Faida ipo, kwa kuwa mtoto anafungamanisha neno na kitu bila kupitia tafsiri. Lakini picha ya namna hiyo hutaja tu, haisimulii. Mtoto akishaliona chungwa na kulisikia jina lake, hana sababu ya kutamani ukurasa wa pili, wala ya kuomba arudishwe wa kwanza kesho yake.

Hadithi ndiyo inayompa sababu hiyo. Tuchukue kitabu kimoja tukitazame kwa karibu: Bon appétit, Monsieur Lapin !, cha Claude Boujon, kilichotolewa Paris mwaka 1985 na l'école des loisirs, kampuni iliyojijengea jina kwa vitabu vya watoto tangu 1965. Walimu wanaofundisha Kifaransa kwa wageni wamekipenda kwa miaka mingi. Bwana Sungura amechoka kula karoti. Anatoka nyumbani kwenda kuona majirani wana nini kwenye sahani zao. Anamkuta chura, anataka kujua anakula nini. Chura anakula nzi. Anakwenda kwa ndege, akakuta minyoo. Anapita kwa samaki, kwa nguruwe asiyechagua chakula, kwa nyangumi, kwa kima mwenye ndizi zake. Mwishowe anabisha hodi kwa mbweha. Na mbweha chakula chake ni sungura.

Angalia kinachotokea darasani kitabu hicho kinaposomwa. Kwa chura, watoto wanasikiliza tu. Kwa ndege, wanatambua kwamba swali ni lile lile. Kwa samaki, wachache wanalitamka chini chini pamoja na mwalimu. Wakifika kwa nguruwe, mwalimu ananyamaza, anaelekeza kidole kwenye picha, na darasa lenyewe linauliza. Hakuna aliyewaambia kwamba leo tunajifunza swali lenye kitenzi manger. Wameuliza kwa sababu ilikuwa zamu ya kuuliza. Kisha mbweha anaonekana, na kabla ya neno lolote kusomwa watoto wote wameshajua jibu. Kwao jambo ni zito zaidi, kwa kuwa mtoto aliyekulia kwenye hadithi zetu anamjua Sungura kama mjanja anayewazidi akili Fisi na Simba. Sungura wa Boujon hana habari, anajipeleka mwenyewe, na mtoto anataka kumpigia kelele arudi. Hapo ndipo mwalimu mwenye macho humpa neno analolihitaji, Attention !, na neno hilo mtoto halisahau, maana alilipewa wakati ana kazi nalo.

Baada ya kitabu kufungwa, swali la Sungura linageuka kuwa la watoto wenyewe. Mmoja anamgeukia jirani yake: Tu manges quoi ? Anajibiwa Je mange du riz, au de la viande, au des haricots. Vile vineno vidogo, du, de la na des, ambavyo vitabu vya sarufi huvieleza kwa kurasa nzima, vimeingia mdomoni vikiwa vimeshikana na chakula chake. Siku moja vitaelezwa. Mtoto atakapopewa maelezo hayo, atakuwa na mifano yake mwenyewe ya kuyapimia.

Sentensi inayorudi ndiyo moyo wa kitabu cha aina hii, na sisi hatuhitaji mgeni atufundishe thamani yake. Msimulizi akisema paukwa, hadhira huitikia pakawa. Hadithi nyingi zina wimbo ndani yake, unaorudi kila mhusika anapofika mahali papya, na wimbo huo ni mali ya wasikilizaji. Bibi aliyesimulia hakuwa akipoteza muda kwa kurudia. Aliwapa wajukuu sehemu yao ya kushika, hata yule mdogo aliyekuwa haelewi kisa chote. Mwalimu wa Kifaransa anayetafuta kitabu na atafute kwanza hilo: je, kuna sentensi inayorudi, inayosemeka, ambayo mtoto angeweza kuitumia nje ya kitabu? Kama haipo, picha ziwe nzuri namna gani, kitabu hicho kitampa kazi nyingi na faida ndogo.

Sifa ya pili haionekani haraka. Katika kitabu bora, picha na maneno havisemi kitu kimoja. Mfano unaojulikana sana ni wa Kiingereza: Rosie's Walk cha Pat Hutchins, cha mwaka 1968, chenye maneno 32 tu, kuhusu kuku anayetembea kuzunguka shamba. Mbweha anamfuata nyuma karibu kila ukurasa, na maneno hayamtaji hata mara moja. Mtoto anamwona, mwalimu anasoma kana kwamba hamwoni, na mtoto anashindwa kuvumilia. Ana habari ambayo mwalimu hana! Katika darasa la Kifaransa, dakika hiyo ni dhahabu, kwa sababu sasa kuna jambo la kweli la kusema: le renard yupo derrière, nyuma ya kuku, na mtu amwambie. Picha inayorudia tu yaliyoandikwa humsaidia mtoto kuelewa. Picha yenye siri yake humfanya aseme.

Hervé Tullet, katika Un livre cha mwaka 2010, ameondoa hata wahusika. Ukurasa una duara la njano. Mtoto anaambiwa alibonyeze, na ukurasa ukifunuliwa, maduara yamekuwa mawili. Anaambiwa asugue, atikise kitabu, akiinamishe, apulize, apige makofi, na kila mara ukurasa unaofuata unaonyesha matokeo ya alichofanya. Kila agizo ni kitenzi, na aliyeelewa anatenda. Mwalimu anaona papo hapo nani ameelewa na nani anamwiga mwenzake, bila karatasi ya mtihani wala kumwaibisha mtu. Kwa mtoto mwenye haya ya kutamka lugha ngeni, hii ni njia ya kushiriki kwa mikono kabla ulimi haujawa tayari, na mwalimu asimharakishe. Kuelewa hutangulia kusema katika lugha ya mama, na hutangulia hata katika Kifaransa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo miongozo mingi ya ualimu iliyoandikwa Ulaya haina sababu ya kuligusa, kwa kuwa haikumlenga mtoto wetu. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amezoea herufi zinazosema ukweli. Irabu a ni a popote itakapokaa, na kila kilichoandikwa hutamkwa. Ni neema kubwa. Lakini mwonyeshe mtoto huyo neno oiseau kabla hajalisikia. Atasoma o-i-se-a-u, kwa uaminifu wote, na hakuna sauti hata moja kati ya hizo itakayokuwa sahihi. Mfaransa hutamka kitu kinachokaribiana kabisa na neno letu wazo, ila mkazo unaangukia mwishoni. Chat, yaani paka, itasomwa chati. Beaucoup itakuwa safari ndefu ya irabu. Wingi wa nomino, ambao Kifaransa huuandika kwa herufi s isiyosikika, utatamkwa kwa nguvu kila mahali. Na matamshi yaliyoingia kwa njia ya jicho ni magumu mno kuyang'oa baadaye. Watu wazima waliosoma Kifaransa sekondari kwa daftari wanalijua hilo.

Ndiyo maana nasema sikio litangulie jicho. Katika usomaji wa kwanza, wa pili na wa tatu, maandishi yafunikwe. Kipande cha karatasi na gundi kidogo vinatosha. Watoto wabaki na picha na sauti ya mwalimu. Sentensi ikishakuwa yao, wanaisema bila kusita na wanaidai ukurasa unapofunuliwa, ndipo karatasi iondolewe. Hapo maandishi yanakuja yakiwa na jibu tayari: mtoto anajua sauti ni ipi, anachotafuta ni namna Wafaransa walivyoiandika. Katika kitabu kile cha Sungura atakutana na oiseau na poisson, mwalimu ataongeza trois na noir, na kabla ya kipindi kwisha mtoto mmoja atagundua mwenyewe kwamba oi husomwa wa. Kanuni aliyoigundua mtoto hudumu kuliko ile aliyonakili.

Sauti zenyewe zinahitaji mwalimu aliyejiandaa. Ipo ile ya tu na lune, ambayo haimo katika Kiswahili: mdomo unaviringwa kama wa u huku ulimi ukitamka i. Zipo irabu zinazopitia puani, kama katika lapin na blanc, na mtoto wetu huzimalizia kwa n nzito mpaka azisikie mara nyingi. Ile r ya kooni haimtishi anayetamka vizuri gh ya ghali na lugha, kwani ni majirani. Mwalimu asiyejiamini katika matamshi asione aibu kutumia sauti iliyorekodiwa na mzungumzaji hodari, akacheza ukurasa mmoja mmoja kwenye simu huku yeye akionyesha picha.

Upande mwingine, Kiswahili kinampa mtoto wetu akiba ambayo mtoto wa Kiingereza hana, na inasikitisha inapoachwa bila kutumika. Kuna kitabu kinachopendwa sana na walimu wa Kifaransa, Va-t'en, Grand Monstre Vert !, tafsiri ya kazi ya Mmarekani Ed Emberley ya mwaka 1992. Kurasa zake zimekatwa matundu, hivyo uso wa zimwi unajengeka kiungo kwa kiungo, macho, pua, mdomo, masikio, halafu mtoto anaufukuza kiungo kwa kiungo mpaka unatoweka. Mtoto wa London anapata shida kukubali kwamba rangi ikae baada ya kitu. Mtoto wa Morogoro ameshasema macho ya njano na zimwi la kijani tangu anaanza kuongea, na Kifaransa kinamfuata: rangi nyuma ya jina. Atakachohitaji kuzoea ni kwamba maneno machache ya kila siku, kama grand na petit, hukaa mbele, na jalada la kitabu lenyewe linaonyesha yote mawili kwa pamoja.

Ni vivyo hivyo kwa suala la jinsia ya nomino, linalowatesa wanafunzi wengi. Kwa nini meza iwe ya kike na kitabu kiwe cha kiume? Mtoto anayesema kitabu kikubwa, mti mkubwa, gari kubwa, tayari anaishi katika lugha ambamo nomino huamuru maneno yanayoifuata yabadilike. Ngeli si jinsia, lakini tabia ni ile ile, na upatanisho wa kisarufi kwake ni pumzi. Mwalimu amfundishe jina pamoja na kineno chake cha mbele, la grenouille, le singe, kama anavyojua kwamba mti haujitengi na miti, na shida itapungua sana. Nasikitika ninapoona Kifaransa kikifundishwa kwa kupitia Kiingereza, kana kwamba ndiyo njia pekee ya kwenda Ulaya. Mtoto anapitishwa kwenye lugha ambayo bado inamsumbua, isiyo na upatanisho wa namna hiyo, ili afike kwenye lugha inayofanana zaidi na yake katika jambo hilo hasa.

Je, kuna ushahidi kwamba hadithi hufundisha lugha, au ni mapenzi tu ya wapenda vitabu? Upo, na ulio bora ulifanywa mbali na miji mikubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka katika shule za vijijini nchini Fiji vitabu vya hadithi vya Kiingereza vyenye picha, takriban 250, kwa madarasa ya nne na ya tano. Kiingereza kilikuwa lugha ngeni kwa watoto wale. Baadhi ya madarasa yalisoma kimya kila siku, mengine yalisomewa na mwalimu na kushirikiana naye, na mengine yaliendelea na masomo ya kawaida ya sarufi na mazoezi. Baada ya miezi minane, madarasa ya vitabu yalikuwa yamepiga hatua katika kusoma kwa kasi ya mara mbili ya kawaida. Mwaka uliofuata maendeleo yao yalizidi kupanuka hadi kwenye uandishi na sarufi, ile sarufi ambayo wenzao ndio waliokuwa wakifundishwa.

Elley huyo huyo, huko New Zealand, alipima jambo dogo zaidi lenye maana kubwa kwa mwalimu. Mwaka 1989 alichapisha matokeo ya watoto waliosomewa hadithi, akiangalia ni maneno mapya mangapi waliyashika. Waliosomewa bila maelezo yoyote walipata nyongeza ya takriban asilimia 15. Waliosomewa na mwalimu aliyeeleza maneno kidogo kadiri alivyokwenda walipata takriban asilimia 40. Muhimu ni namna ya kueleza: kugusa picha, kuigiza kwa mwili, kutoa neno jepesi linalofanana, kisha kusonga mbele. Kusimama kila sentensi na kuitafsiri ni jambo jingine. Mtoto akishajua kwamba Kiswahili kinakuja nyuma, huacha kusikiliza Kifaransa na kukaa kusubiri. Kiswahili kina nafasi yake, na nafasi hiyo ni mazungumzo baada ya kitabu: kwa nini Sungura alichoka karoti, wewe umewahi kutamani chakula cha jirani? Hapo watoto wafikiri kwa lugha wanayoimudu.

Nchini Uingereza, katika England, lugha ya kigeni ni somo la lazima kwa watoto wa miaka 7 hadi 11 tangu Septemba 2014, na shule nyingi zimechagua Kifaransa. Walimu wengi wa huko si wataalamu wa lugha hiyo, hivyo hupenda kutumia tafsiri za vitabu ambavyo watoto wanavijua tangu utotoni, mathalani La chenille qui fait des trous, yaani yule kiwavi mlafi wa Eric Carle wa mwaka 1969, ambaye hula kuanzia Jumatatu akiongeza idadi ya matunda kila siku. Hoja yao ni nzuri: mtoto anayekijua kisa hana wasiwasi wa kupotea, nguvu yake yote inakwenda kwenye lugha. Lakini kitabu hicho hicho kikija Singida bila maandalizi, hoja inageuka. Mtoto wetu hajawahi kukutana na kiwavi huyo, na baadhi ya vyakula vyake, plamu na stroberi kwa mfano, hajaviona. Tukitaka faida wanayoipata wao, lazima tutafute kisa ambacho sisi tunakijua.

Kuna mtego mwingine katika kuchagua, unaowanasa hata walimu wazuri. Hadithi za Kifaransa mara nyingi husimuliwa kwa wakati uliopita wa maandishi, unaoitwa passé simple, ambao watu hawautumii wanapozungumza. Kitabu kitaandika il mangea, na hakuna mtoto wa Bujumbura wala wa Marseille atakayesema hivyo kwa rafiki yake. Anayesoma Kifaransa kwa mwaka wa kwanza hana haja nao. Kabla ya kununua kitabu, fungua ukurasa wa tatu au wa nne utazame vitenzi. Kama viko katika wakati uliopo, au kama hadithi inakwenda kwa mazungumzo, kichukue. Kama sivyo, kiache kwa ajili ya sekondari, hata kama picha zinakuvuta.

Bado sijagusa swali ambalo msomaji mwalimu ameshaliuliza: darasa lina watoto themanini na kitabu ni kimoja, chenye ukubwa wa daftari. Jibu lilipatikana zamani. Don Holdaway, mwalimu wa New Zealand, alieneza katika miaka ya 1970 matumizi ya vitabu vikubwa vinavyoonekana na darasa zima, na ndiyo njia iliyotumika katika sehemu ya majaribio yale ya Fiji. Kwetu inawezekana kwa karatasi za manila, kalamu za rangi na mwanafunzi mmoja au wawili wenye mkono wa kuchora. Zaidi ya hiyo, kuna kamishibai, sanaa ya Kijapani ya kusimulia kwa kadi kubwa: picha inawaelekea watoto, maneno yako nyuma ya kadi kwa msomaji. Shule za Ufaransa zimeipokea kwa mikono miwili, na shirika la Dulala huko huendesha shindano ambalo watoto hutunga kamishibai yao ikichanganya lugha kadhaa za nyumbani na za shuleni. Kwa usomaji wa sikio kwanza, sijaona chombo kinachofaa zaidi. Maandishi yamefichwa kwa asili yake, kila kadi ni kubwa, na gharama ni maboksi ya kukata. Na watoto wakishachora hadithi upya kwa mikono yao, hawaihesabu tena kuwa ya kigeni.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika uzito wa suala hili ni mwingine. Mtoto wa Lubumbashi, Bukavu au Goma anaongea Kiswahili nyumbani, na Kifaransa kwake ndicho lugha ya vitabu vya hesabu na sayansi kadiri anavyopanda madarasa, na ya mitihani yote mikubwa. Akishindwa Kifaransa, ameshindwa shule. Mtoto huyo anahitaji hadithi ya kusomewa kuliko mtu yeyote, na ndiye ambaye mara nyingi hukutana na Kifaransa kwa mara ya kwanza katika sentensi za kunakili ubaoni. Kitabu chenye hadithi ile ile kwa Kiswahili na kwa Kifaransa kingewahudumia watoto wa pande zote mbili za ziwa, na soko lake lingekuwa pana kuliko la nchi moja.

Vitabu vya namna hiyo vimeanza kupatikana. African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Johannesburg na tovuti yake kufunguliwa mwaka 2014, una hadithi nyingi za picha kutoka Afrika katika lugha nyingi, Kiswahili na Kifaransa zikiwemo. Leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa na hata kutafsiri bila malipo. Ubora haulingani: baadhi ya hadithi ni za kuvutia, nyingine ni kavu, na tafsiri nyingine zinahitaji jicho la mtu anayekijua Kifaransa vizuri. Hata hivyo, mwalimu mwenye simu na duka la kuchapa jirani anaweza leo kupata hadithi ambayo watoto wake wameshaisoma kwa Kiswahili, akawasomea ile ile kwa Kifaransa. Hiyo ndiyo faida ya kisa kinachojulikana tuliyoiona England, tena kikiwa chetu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watu watatu. Wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi watoe hadithi fupi za lugha mbili, zenye sentensi inayorudi na vitenzi vya wakati uliopo, na kila kitabu kiwe na sauti iliyorekodiwa. Wakuu wa shule, fedha ya vitabu inapofika, watenge sehemu ya hadithi kabla ya kuagiza kamusi nyingine. Na wewe mwalimu wa Darasa la Tatu, usisubiri hao wawili. Tafuta kitabu kimoja tu kwa muhula, funika maandishi, soma chote siku ya kwanza bila kuuliza neno hata moja, na juma linalofuata kisome tena.